Nyuzi Hafifu za Nyota Iliyolipuka: Hotuba kwa Wapigapicha wa Anga

Ndugu Mwenyekiti, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Niliombwa nizungumze nanyi kuhusu namna ya kupiga picha mabaki ya nyota iliyolipuka, na aliyenialika alinidokeza kwamba wengi wenu mngependa kwanza kusikia ni kamera gani mnunue. Swali hilo nitaligusa kwa ufupi, kwa kuwa ndilo jepesi kuliko yote. Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni jambo lililonichukua miaka kulielewa: kwamba picha ya namna hii hupatikana kwa kutoa zaidi kuliko kwa kuongeza. Unatoa mwanga wa anga, unatoa joto la kamera, unatoa kivuli cha vumbi lililokaa juu ya kioo, wakati mwingine unatoa hata nyota zenyewe, na kile kinachobaki baada ya hesabu hiyo ndicho unachoweza kukiita mabaki ya nyota. Shida ni kwamba hesabu ya kutoa inaweza kukosewa, na ikikosewa huacha masalio yanayofanana mno na kitu cha kweli.

Mfano wangu jioni hii utakuwa nebula, yaani wingu la gesi la angani, iitwayo Simeis 147, ambayo ni mabaki ya nyota iliyolipuka. Ipo mpakani mwa kundinyota la Ng'ombe na lile la Auriga, karibu na nyota angavu ya Elnath, ambayo ndiyo ncha ya pembe mojawapo ya huyo ng'ombe. Iligunduliwa mwaka 1952 na wanaastronomia Grigory Shajn na Vera Gaze, katika kituo cha uangalizi wa anga cha Simeiz kule Crimea, na jina lake limetokana na kituo hicho. Upana wake unafikia digrii tatu hivi, yaani ukitaka kuivuka kutoka ukingo hadi ukingo itakubidi uipange miezi mipevu sita kwa mstari mmoja. Pamoja na ukubwa huo wote, mtu anaweza kusimama gizani akaitazama sehemu hiyo ya anga usiku kucha asione chochote ila nyota.

Mimi mwenyewe, siku ya kwanza nilipoielekezea kamera, niliiacha ikusanye mwanga kwa sekunde 300, kisha nikaifungua picha hiyo kwenye kompyuta kwa pupa. Niliona nyota nyingi, ukungu wa kijivu uliokolea kidogo kwenye kona moja, na pale katikati ambapo nebula ilipaswa kuwapo hapakuwa na kitu. Nilidhani nimelenga mahali pasipo. Nikalinganisha nyota za picha na ramani, moja baada ya nyingine, nikakuta nimelenga barabara. Nebula ilikuwamo ndani ya picha ile; kilichokosekana ni namna ya kuitenganisha na vyote vilivyoizidi.

Kwa nini iwe hafifu kiasi hicho? Tulinganishe na ndugu yake mdogo, Nebula ya Kaa, ambayo ipo katika kundinyota hilohilo la Ng'ombe. Mwezi Julai mwaka 1054 wanajimu wa China waliandika kwamba wameona nyota ngeni iliyong'aa hata ikaonekana mchana kweupe kwa siku 23. Mabaki yake leo yana upana wa takriban dakika sita za tao, yaani sehemu moja ya kumi ya digrii, sehemu ndogo tu ya upana wa Mwezi, kwa hiyo mwanga wake umekusanyika mahali padogo, na darubini ya kawaida inauona. Simeis 147 ni mzee wa ukoo. Makadirio ya umri wake ni kati ya miaka 30,000 na 40,000, na muda wote huo gesi imekuwa ikienda nje, ikisukuma na kukusanya gesi nyingine iliyokuwa imetanda kati ya nyota, hadi mwanga uliobaki umetandazwa juu ya eneo kubwa mno kama kijiko cha rangi kilichopakwa ukuta mzima. Katika eneo hilo lipo bado kokwa la nyota iliyokufa, pulsa inayojizungusha mara saba hivi kila sekunde, ila hiyo hutaiona kwa kamera yako. Ilipatikana kwa darubini za redio.

Ni vyema pia tujue tunachokipiga picha ni nini, kwa sababu asiyejua hatajua achague kichujio gani. Zile nyuzi ambazo zimeifanya nebula hii ilinganishwe na bakuli la tambi si vipande vya nyota vilivyoruka kama vigae. Nyota ilipolipuka ilituma wimbi la mshtuko, na wimbi hilo, kila linapoigonga gesi adimu ya angani, huipasha moto na kuing'oa elektroni zake. Gesi inapopoa na kuzikusanya tena elektroni hizo, hutoa nuru. Tabaka linalong'aa ni jembamba kama pazia. Ukilitazama pazia kwa mbele huoni kitu, kwa sababu jicho linapenya unene mdogo tu wa gesi, lakini pale pazia linapojikunja na jicho likapita ubavuni mwa mkunjo, gesi nyingi hujipanga kwenye mstari mmoja wa macho na mkunjo huo huonekana kama uzi. Basi nyuzi tunazozipiga picha ni mikunjo ya pazia lililo kila mahali. Tangu nilipolielewa hilo, niliacha kushangaa kwa nini uzi mmoja hukatika ghafla: pazia halikukatika, ila limegeuka upande.

Sasa tuje kwenye nuru yenyewe, maana hapa ndipo kazi ya kutoa inapoanzia. Gesi hii haitoi nuru ya rangi zote kama taa au kama Jua. Hutoa mistari michache iliyo myembamba sana: haidrojeni hung'aa kwa nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, salfa iliyopoteza elektroni moja hutoa mistari miwili ya wekundu uliokolea zaidi, nanomita 671.6 na 673.1, na oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa nuru ya kijani inayoelekea buluu, mstari wake mkuu ukiwa nanomita 500.7. Mstari huo wa kijani una kisa chake. Mwingereza William Huggins aliuona mwaka 1864 alipoichambua nuru ya nebula kwa spektroskopu, chombo kinachotenganisha rangi za nuru, ukawa haulingani na elementi yoyote iliyofahamika, hata wataalamu wakaamini wamepata elementi mpya na kuiita nebulium. Iliishi vitabuni kwa zaidi ya miaka 60, hadi mwaka 1927 Mmarekani Ira Bowen alipoonyesha kwamba ni oksijeni ileile tunayoivuta, isipokuwa imo katika gesi nyembamba kiasi kwamba atomi hupata muda mrefu wa kukaa bila kugongwa na nyingine, jambo lisilowezekana katika hewa tuliyonayo hapa.

Kwa mpigapicha, wembamba wa mistari hiyo ni bahati kubwa. Anga la usiku, hata lililo mbali na miji, linang'aa kidogo kwa rangi nyingi, na mwanga wa taa ukiongezeka juu yake hali huwa mbaya zaidi. Kichujio chenye upana wa nanomita 3, kikiwekwa mbele ya kitambuzi cha kamera, kile kinachopokea mwanga, huruhusu kipande kama kimoja tu kati ya mia cha mwanga uliosambaa katika rangi zote zinazoonekana, huku mstari wa haidrojeni ukipita karibu wote. Kwa maneno mengine, umetoa sehemu 99 za kisichotakiwa kabla hata kompyuta haijawashwa. Kutoa huku ndiko bora kuliko kote, kwa sababu mwanga uliozuiwa mlangoni hauachi fujo yoyote ndani.

Neno hilo, fujo, linahitaji hesabu kidogo, na nawaomba mnivumilie. Tuchukulie kwamba pikseli moja iliyoangukiwa na uzi wa nebula inapokea fotoni moja, yaani chembe moja ya nuru, kwa dakika kutoka kwenye uzi huo, na fotoni kumi kwa dakika kutoka kwenye anga, hata baada ya kichujio. Katika picha ya dakika tano, uzi umeleta fotoni 5 na anga limeleta 50. Mtu atasema: tutoe 50, tubaki na 5, kazi imekwisha. Ingekuwa hivyo kama fotoni zingekuja kwa mpangilio wa gwaride. Lakini huja kama matone ya mvua juu ya paa, pikseli hii ikapata 47 na jirani yake 58, na kiasi cha kuyumba huko ni kipeuo cha pili cha jumla ya fotoni zilizoingia. Kipeuo cha pili cha 55 ni 7.4. Zile tano tulizozitafuta zimezama ndani ya saba za kuyumba, ndiyo maana picha yangu ya kwanza ilionekana tupu.

Pigeni picha mia moja za namna hiyo, mzijumlishe. Uzi sasa umeleta fotoni 500, anga 5,000, na kuyumba kwa jumla hiyo ni 74. Fotoni 500 zinasimama mara sita na zaidi juu ya fujo, na uzi unaonekana. Imewagharimu saa nane na dakika 20 za anga safi. Mkitaka ubora huo uongezeke maradufu hamtahitaji picha mia mbili, mtahitaji mia nne, zaidi ya saa 33, na hapo ndipo mtu anapojua kama ana moyo wa kazi hii. Ukikiondoa kichujio katika mfano huohuo, anga likaleta fotoni elfu moja kwa dakika mahali pa kumi, ungehitaji zaidi ya saa 700 kuufikia ubora ule wa picha mia moja za mwanzo. Hakuna kamera duniani itakayokuokoa na hesabu hiyo.

Nimeahidi kuzungumzia vifaa, na nitapita haraka. Kwa kuwa kitu chenyewe ni kikubwa, darubini ndefu haikusaidii; itakuonyesha kipande kimoja cha uzi. Lenzi au darubini fupi yenye urefu wa fokasi wa milimita 400, ikiwa na kitambuzi cha milimita 36 kwa 24, huona anga la digrii tano kwa tatu na nusu hivi, na Simeis 147 inaenea ndani yake na kuacha pumzi kidogo pembeni. Kamera za kawaida zina kioo kinachokata sehemu kubwa ya ule wekundu wa haidrojeni ili ngozi za watu zipendeze pichani, kwa hiyo ama uondolewe kioo hicho na fundi anayejua, ama utumie kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya anga, isiyo na rangi na yenye mfumo wa kupoza kitambuzi hadi chini ya sufuri.

Kifaa ambacho singewashauri mkibane bei ni stendi ya kufuata nyota. Dunia inazunguka, na nyota zinateleza sekunde 15 za tao kila sekunde ya saa, na sekunde 60 za tao ni dakika moja ya tao. Kwa lenzi hiyo ya milimita 400 na pikseli za mikrometa 3.76, nyota zilizo karibu na Elnath zitavuka takriban pikseli saba kwa sekunde moja kama stendi imesimama. Mimi nahitaji zitulie ndani ya pikseli moja au mbili kwa sekunde 300. Ndiyo maana juu ya lenzi kubwa hukaa kamera ndogo ya pili ambayo kazi yake yote ni kuitazama nyota moja na kuiambia mota ya stendi, kila baada ya sekunde chache, iongeze mwendo au ipunguze. Kamera ya bei ndogo juu ya stendi nzuri italeta picha. Kinyume chake kitaleta michirizi.

Mwezi nao usidharauliwe. Nuru yake ikitawanyika hewani huegemea upande wa buluu, hivyo kichujio cha oksijeni huteseka kuliko cha haidrojeni, na mimi huziweka usiku za mbalamwezi kwa haidrojeni na salfa, usiku za giza nikaziachia oksijeni. Katika Simeis 147 utaratibu huo una uzito wa pekee, kwa kuwa oksijeni yake ni hafifu mno ukilinganisha na haidrojeni: oksijeni huhitaji wimbi la mshtuko lenye mwendo wa kama kilometa 100 kwa sekunde au zaidi ili ing'ae vizuri, na wimbi la mzee huyu limepunguza kasi karibu kila mahali.

Tufike sasa kwenye kutoa kwa ndani, ambako mimi binafsi nimeumbuka. Kitambuzi cha kamera kina dosari zake. Kikiwa gizani kabisa, joto lake huzalisha ishara za uongo, na pikseli nyingine huwaka daima kama taa iliyosahauliwa. Dawa yake ni kupiga picha ukiwa umefunika lenzi, kwa muda uleule na joto lilelile, kisha kuzitoa picha hizo za giza kutoka kwenye picha za anga. Vilevile kila lenzi hupeleka mwanga mwingi katikati na mdogo pembeni, na kila punje ya vumbi juu ya kichujio huacha kivuli cha duara. Dawa yake ni kuilenga lenzi kwenye uso mweupe unaong'aa sawasawa, kupiga picha kadhaa, na kuzigawanya picha za anga kwa hizo, ili pembe zipande na vivuli vijifute.

Masharti yake ni kwamba kamera isiguswe. Nasema hivyo kwa uchungu. Usiku mmoja umande uliingia kwenye kioo cha mbele, nikaifungua kamera ili nipanguse, nikairudisha nikidhani imekaa palepale. Ilikuwa imezunguka kidogo sana, labda digrii moja. Asubuhi nikapiga picha za uso mweupe kama kawaida na kuzitumia kwa usiku mzima. Baada ya kujumlisha saa kumi na mbili za haidrojeni nikaona, nje kidogo ya ukingo wa nebula, tao jembamba lililopinda vizuri, laini upande mmoja na kali upande wa pili, kama vile wimbi la mshtuko linavyotakiwa kuwa. Nililitafuta katika picha za watu wengine, sikuliona. Kwa siku mbili niliamini kwamba nimeona kisichowahi kuonwa. Nilikwisha hata kuanza kuandika maelezo yake.

Aliyeniokoa ni rafiki mmoja mwenye maneno machache, aliyeniuliza tu kama nimewahi kuizungusha kamera. Siku ya tatu nikaifungua, nikaizungusha digrii 90 kwa makusudi, nikapiga picha za saa nne tena bila kutumia zile za uso mweupe. Nyuzi za nebula zilibaki na nyota zao, kama inavyopasa. Tao langu lilizunguka pamoja na kamera. Lilikuwa kivuli cha punje moja ya vumbi kilichofutwa nusu, kwa sababu kivuli cha usiku na kivuli cha asubuhi havikuangukia mahali pamoja. Tangu hapo nina mazoea mawili ambayo siyaachi: katikati ya kila kazi naigeuza kamera mara moja na kupiga picha za uso mweupe kwa kila mkao, na baada ya kila picha naiambia stendi isogee pikseli chache upande wowote, ili dosari za kitambuzi zisiangukie nyota zilezile mara mbili. Kilicho cha anga hubaki na anga, kilicho cha kamera hubaki na kamera.

Baada ya hapo huja kazi ya mezani, na humu ndimo ninamoona picha nyingi zikiharibika siku hizi. Eneo la Simeis 147 lina nyota nyingi kiasi kwamba nyuzi hupotea kati yake, na zipo programu zinazoweza kuzing'oa nyota zote na kukuachia gesi peke yake. Nazitumia. Zipo pia programu zilizofundishwa kwa maelfu ya picha, zinazolainisha fujo na kunoa kilichofifia, na hizo nazitumia kwa mashaka makubwa, kwa maana programu iliyofundishwa kwamba nebula zina nyuzi itakutafutia nyuzi hata pasipo nazo. Ukiipa fujo tupu kwenye kona ya picha, itaiunganisha nukta hii na ile na kukuchorea uzi mzuri, mwembamba, uliopinda kwa kiasi. Macho ya binadamu nayo hufanya hivyohivyo. Tofauti ni kwamba macho hayaandiki matokeo yao kwenye faili.

Kipimo changu hakihitaji elimu kubwa. Picha mia mbili nazigawa mafungu mawili, zenye namba witiri huku na zenye namba shufwa kule, na kila fungu nalishughulikia peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Uzi ulioonekana katika mafungu yote mawili, mahali palepale na kwa mkunjo uleule, naukubali. Uliojitokeza katika fungu moja tu naufuta hata kama ndio mzuri kuliko yote. Kipimo hiki hakitafichua kivuli cha vumbi, ambacho huwa katika mafungu yote, ila hicho tumekwisha kukishughulikia kwa kuigeuza kamera. Namna mbili za uongo zinadai njia mbili za kuzinasa.

Kuhusu rangi, huulizwa kila mara kama ni za kweli. Nuru ni ya kweli. Mpangilio wake ni wa mpigapicha. Haidrojeni na salfa zote ni nyekundu, na macho yasingezitofautisha, kwa hiyo wengi huipa salfa rangi nyekundu, haidrojeni kijani na oksijeni buluu, utaratibu uliozoeleka kutokana na picha za darubini ya Hubble. Sina ugomvi nao, mradi mtu aeleze alichofanya. Na utaratibu huo una faida yake: mabaki ya nyota zilizolipuka yana salfa inayong'aa kwa nguvu ukilinganisha na haidrojeni, ilhali mawingu ya kawaida yanayoangazwa na nyota changa yana salfa hafifu. Wataalamu hutumia uwiano huo, wakichukulia kwamba salfa ikifika kama sehemu nne kati ya kumi za haidrojeni au ikapita hapo, kuna uwezekano mkubwa kwamba wimbi la mshtuko lilipita. Kwa hiyo saa nilizoziweka kwenye kichujio cha salfa si pambo. Ndizo zinazoniwezesha kusema uzi huu ni wa mlipuko na ukungu ule wa kona ni wa jirani asiyehusika.

Historia ya kazi hii, tangu zamani, ni ya watu waliotazama picha kwa uangalifu kuliko waliozipiga. Katika Nebula ya Shela, nayo ni mabaki ya nyota iliyolipuka, ambayo William Herschel aliiona kwa darubini mwaka 1784, kuna kipande cha pembetatu ambacho yeye hakukiona. Williamina Fleming ndiye aliyekigundua mwaka 1904 kwenye sahani za kioo za picha katika kituo cha Harvard, na jina lililoshikamana nacho kwa miaka mingi likawa la mkurugenzi wake, Pickering. Mwaka 2022 wapigapicha wa ridhaa kutoka Ufaransa na Ujerumani waliona, kupitia kichujio cha oksijeni, tao kubwa la gesi kando ya galaksi ya Andromeda, galaksi iliyopigwa picha tangu karne ya 19 bila tao hilo kuonekana. Ninachokihusudu kwao ni kwamba hawakulitangaza kabla wengine, kwa vifaa vingine na kutoka mahali pengine, hawajalipiga picha nao wakalipata palepale. Nikikumbuka lile tao langu la vumbi, naona umbali uliopo kati ya kazi yao na yangu.

Nimalizie kwa ombi moja la kiutendaji kwa wale watakaoanza. Msizifute picha ghafi. Mwaka 1921 John Charles Duncan alilinganisha picha mbili za Nebula ya Kaa zilizopigwa kwa kupishana miaka kama 11, akapima nyuzi zake, akakuta zimesogea nje kutoka katikati, na picha ya zamani kati ya hizo mbili haikupigwa kwa nia hiyo hata kidogo. Gesi ya Kaa inakwenda karibu kilometa 1,500 kwa sekunde. Kwa umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi, mwendo huo ni kama sekunde moja na nusu ya tao katika miaka kumi, yaani pikseli mbili kwa darubini ya ukubwa wa wastani. Simeis 147 imepoa mwendo na haitatupa nafasi hiyo, lakini Kaa yupo umbali mfupi tu kutoka hapo, na kila msimu, kabla sijaanza kazi ya nyuzi hafifu, huigeuzia darubini yangu ndefu kwa usiku mmoja. Picha za usiku wa kwanza ziko ndani ya diski ambayo haiunganishwi na kompyuta isipokuwa kwa kunakiliwa, kila moja ikiwa na tarehe, saa, joto la kitambuzi na picha zake za giza kando yake, na sijazisafisha wala kuzinoa. Zinasubiri za mwaka wa kumi.

Asanteni sana. Nipo tayari kwa maswali, na lile la kamera likiulizwa tena sitakasirika.